Dawati Moja, Vipande 84

Mteja akisema dawati, anaona dawati. Bosi akisikia dawati, anaona hela. Fundi akisikia dawati, anauliza kama posho ya mchana inatoka leo au inapigwa kalenda. Mimi karani wa karakana nikisikia dawati naona vipande 84, na kati ya hao watatu hakuna anayetaka kusikia habari zake.

Nieleze kazi yangu, maana hata nyumbani hawaijui. Mama mkwe anaamini nauza vitanda. Karakana yetu iko Keko, Dar es Salaam, ambako kila mlango una kochi nje na kila kochi lina mtu amelikalia akimsubiri mteja. Sisi tunatengeneza samani za chuma na mbao. Oda ikiingia, lazima apatikane mtu wa kuichambua: chuma kiasi gani, cha urefu upi, kikatwe mara ngapi, mbao ngapi, bolti ngapi, nani aanze na nani amsubiri nani. Mtu huyo ni mimi. Bosi ananiita mtu wa makaratasi. Mafundi wananiita Mhasibu, na wala hawanisifii.

Oda yenyewe ilikuja Jumatatu asubuhi kutoka kwa Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi. Bosi aliiandika kwenye daftari mstari mmoja: madawati 100, Ijumaa. Akapiga mistari miwili chini ya Ijumaa, akafunga daftari, akaagiza chai.

Nchi hii inayajua madawati. Mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza na madarasa yakafurika, Rais Magufuli aliagiza mtoto asikae chini, na mikoa ikapewa hadi mwisho wa Juni. Kila mwenye mashine ya kuchomelea akawa mtu wa maana mtaani. Kwenye taarifa ya habari tuliona madawati yakikabidhiwa, makofi yakipigwa, viongozi wakikaa kwenye benchi za watoto magoti yakigusa kidevu. Sikumbuki kusikia taarifa hata moja iliyosoma idadi ya nati.

Basi tulifungue dawati. Ni la watoto watatu, la chuma na mbao. Miguu miwili ya mbele, sentimita 70. Miwili ya nyuma ya kubeba benchi, sentimita 40. Vitako viwili vinavyolala sakafuni kuunganisha mbele na nyuma, sentimita 80. Vishikio viwili vya meza, sentimita 35, na viwili vya benchi, sentimita 30. Vya kukingama viwili, sentimita 110. Hivyo ni vipande 12 vya skwea paipu, na mbao hujazigusa. Mbao ni 4: mbili za kuandikia, moja ya kukalia, moja ya kuwekea madaftari. Kila mbao inashikwa na bolti 4, kwa hiyo bolti 16, nati 16, na washa 32, maana kila bolti inataka washa juu na chini. Malizia na vizibo 4 vya plastiki kwenye ncha za vitako, visikwaruze sakafu wala kumchana mtoto mguu. Jumla 84.

Zidisha kwa 100. Mwalimu Mkuu ameagiza vitu 100. Mimi nimeagizwa vitu 8,400, na hapo sijataja vile vinavyotumika vikapotea: vijiti vya kuchomelea, diski za kukatia, rangi ya kuzuia kutu, rangi ya juu, thina, brashi, msasa. Hivyo hakuna atakayeviona kwenye dawati, lakini jaribu kulitengeneza bila hivyo.

Bosi ana kikokotoo kwenye simu, na hicho ndicho adui yangu wa kwanza. Alijumlisha urefu wa chuma cha dawati moja akapata mita 7.3. Mara 100, mita 730. Skwea paipu moja ina mita 6. Akagawanya, akapata 121 na ushee, akasema basi 122. Alikuwa ameshapiga simu dukani kabla sijafungua mdomo.

Hesabu haina kosa, ila haijawahi kushika grainda. Chukua ule mguu wa sentimita 40. Paipu ina sentimita 600, na mtoto yeyote kati ya watakaokalia madawati hayo atakwambia inatoa miguu 15. Sasa kata. Diski inakula milimita 3 kila inapopita. Ikipita mara 14 imeshakula sentimita 4.2, na kipande kilichobaki mkononi, ambacho ndicho mguu wa 15, kina sentimita 35.8. Ukichomelee hivyo hivyo uone watoto watatu wanavyojifunza kusoma wote wameelemea upande mmoja. Kwa hiyo paipu inatoa miguu 14. Ile ya kukata vya sentimita 110 inatoa vitano, na karibu nusu mita inabaki haina kazi. Ukikata kila urefu kwenye paipu zake, kama vijana wanavyopenda, madawati 100 yanakula paipu 132. Ni 10 zaidi ya zile za kikokotoo.

Nikakesha na penseli. Ukipanga vizuri, kinachobaki kwenye paipu ya vipande vya 110 kinatoa mguu mmoja wa 40. Kinachobaki kwenye zile za 70 na 80 kinatoa kishikio cha 35. Hata yule mguu wa 15 aliyezaliwa mfupi anafaa kabisa kuwa kishikio. Nikazishusha paipu kutoka 132 hadi 125. Paipu 7 zimeokolewa na penseli ya shilingi mia mbili. Asubuhi nikampelekea bosi karatasi, nikasubiri pongezi. Akaitazama, akatoa simu, akatazama kikokotoo.

"Kwa hiyo bado umezidisha 3," akasema.

Mchoro wa kukata nikaubandika ukutani, herufi kubwa, nikaenda kufuatilia rangi. Niliporudi jioni, vile vipande vya nusu mita havipo. Kijana wa grainda alikuwa ameshavigeuza stendi za ndoo, nzuri kwelikweli, amezipanga kando ya barabara, na mama mmoja alikuwa anaondoka na ya kwanza kichwani.

"Braza, si yalikuwa mabaki tu?"

Mabaki! Kwenye karatasi yangu ile ilikuwa miguu 40 ya benchi. Watoto wa watu watakaa hewani ili Keko yote ipate pa kutua ndoo.

Na usidhani sikuwapa maelekezo. Nilikuwa nimeigawa oda kwenye kadi tano: kukata, kuchomelea, rangi, mbao, kufunga. Kila kadi ina idadi, vipimo na nani anampokea nani. Kadi ya kukata niliikuta imefungia vitumbua. Ya kuchomelea ilikuwa inawashia jiko la chai. Ya rangi ilitandikwa chini ya kopo la rangi, jambo ambalo, kwa namna fulani, ni kuifikisha idara husika.

Tukija kwenye bolti, hapo ndipo kila mtu ana lugha yake. Karatasi yangu inasema bolti 1,600. Duka linauza kwa kilo. Stoo yetu inatoa kwa kopo la maziwa ya unga. Fundi anaomba kwa kiganja: nipe viganja viwili hivi, nikipungukiwa nitarudi. Nilipima kilo moja kwenye mizani, nikazihesabu bolti zake, nikaandika jibu kwenye ukuta wa stoo kwa chaki. Wiki iliyofuata ukuta ukapigwa chokaa. Mama wa stoo, mtu na heshima zake, ana vipimo vyake tangu kabla yangu. Kopo likijaa, bolti "zinatosha". Likifika nusu, "zipo zipo". Likiisha, "nilikwambia".

Bosi alipokwenda kununua bolti, walimpa na nati zake, akaona kazi imekwisha. Washa hakuzinunua. Washa ni urembo, alisema. Mbao zetu ni paini za kutoka Mafinga, mbao laini. Bolti iliyokazwa bila washa inazama kichwa kama kidole kwenye andazi la moto, na baada ya muhula mmoja wa darasa la pili kubembea, benchi lote linacheza. Nikamweleza. Nikamwambia Boeing wenyewe husema ndege yao ya 747 ina vipande milioni 6, na nusu yake ni vifungio tu. Alifurahi sana kutajwa pamoja na Boeing. Nikaona mlango umefunguka, nikaongeza kwamba sisi tumewazidi: bolti, nati na washa ni 64 kati ya vipande 84, zaidi kidogo ya robo tatu ya dawati zima. Akaniagiza niliandike hilo kwenye kibao cha nje. Washa hakuzinunua.

Fundi mkuu wa kuchomelea naye hataki karatasi kabisa. Ni mzee wangu, shikamoo yake haijawahi kunipita asubuhi. "Mwanangu, dawati liko hapa," ananiambia, anagonga paji la uso kwa chaki. Na kweli liko. Tatizo kichwa hicho kina ndugu Singida, na ndugu wana misiba na harusi. Akipanda basi, dawati linapanda naye, huku tunabaki na rundo la paipu tukitazamana. Nikiligusia hilo ananipeleka pwani. Mababu waliunda majahazi bila mchoro, anasema, yakaenda Uarabuni na kurudi na pepo.

Hapo sibishi. Mafundi wa majahazi waliunda kwa jicho na kwa kipimo walichorithi, na vyombo vikafika. Ila jahazi linaundwa moja moja. Ubao usipokaa unachongwa palepale mpaka ukae. Sijasikia nahodha aliyeagiza majahazi 100 yanayofanana, ubao wa hili uingie kwenye lile. Dawati la shule ndivyo linavyotakiwa: mbao ya darasa la tatu ikivunjika, uchukue nyingine yoyote na matundu yake yakutane na matundu ya chuma. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Wakaishia hapo, bila kumtaja aliyehesabu misumari.

Kufanana huko kumewahi kumtoa jasho mtu mkubwa kuliko sisi. Mwaka 1798 Mmarekani Eli Whitney alisaini na serikali yake kandarasi ya bunduki 10,000 ndani ya miaka miwili, akijinadi kwa wazo la vipande vinavyofanana, cha bunduki hii kiingie kwenye ile. Za mwisho zilikabidhiwa 1809. Mwalimu Mkuu alipopiga simu kuulizia madawati yake nilimsimulia kisa hiki, nikijua mtu wa elimu atathamini historia. Akaniuliza kama bosi yuko karibu.

Programu tunayo pia, usidhani tumelala. Mpwa wa bosi, kijana wa kompyuta, aliiweka ofisini na kutuahidi kwamba tutaandika dawati na yenyewe italichambua. Wazo silikatai, lina wazee wake. Joseph Orlicky, aliyekuwa IBM, aliliandikia kitabu kizima mwaka 1975, na kiini chake ningependa kiandikwe kwenye kibao cha nje mahali pa Boeing: madawati yatakayoagizwa mwakani unaweza kuyabahatisha, lakini miguu yake hubahatishi, unaikokotoa. Dawati linaombwa na mteja, mguu unaombwa na dawati, paipu inaombwa na mguu. Ukijua linalotakiwa juu na kilichopo stoo, la chini linajulikana lenyewe.

Shida iko kwenye kilichopo stoo. Programu iliuliza bolti zilizopo ni ngapi. Mama wa stoo akachungulia kopo, akasema zipo zipo. Nilitafuta kitufe cha zipo zipo kwenye kompyuta nzima, sikukiona.

Halafu ikaingia kwenye siku. Sisi hapa tunahesabu kwenda mbele: leo tunaanza, Mungu akipenda tutamaliza. Programu inahesabu kurudi nyuma. Ilishika Ijumaa ya bosi ikaanza kushuka nayo. Kupakia na kupeleka, siku moja. Kufunga mbao, siku mbili. Rangi mikono miwili na kukauka, siku mbili, mvua isiponyesha. Kuchomelea, siku nne. Kukata, siku mbili. Kuleta paipu, siku moja. Jumapili ikaziruka, maana inamcha Mungu kuliko bosi. Ikafika mwisho, ikatulia kidogo, ikaandika kwa wekundu kwamba kazi hii ilipaswa kuanza Jumamosi, siyo ile ya juzi, ile ya kabla yake. Siku hiyo Mwalimu Mkuu alikuwa hajawaza kuagiza, na sisi, kwa mujibu wa kompyuta, tulikuwa tumeshachelewa. Bosi akamwita mpwa wake aje aitengeneze.

Fremu zikiwa mezani zinachomelewa, simu ikaingia tena. Samahani, alisema Mwalimu Mkuu, 20 kati ya hayo yawe ya darasa la awali, madogo kidogo.

"Hakuna shida, Mwalimu," akajibu bosi.

Hakuna shida ni jibu la mtu asiyekata chuma. Dawati dogo kidogo lina miguu mifupi kidogo, vitako vifupi kidogo, vishikio vifupi kidogo na mbao nyembamba kidogo. Kati ya vipande 84, vinavyobaki vilevile ni bolti, nati, washa na vizibo. Hivyo 16 vingine ni dawati jipya lenye orodha yake, mchoro wake wa kukata na mabaki yake ya kugeuzwa stendi za ndoo. Mzee wa kuchomelea alisikiliza kwa utulivu akatoa dawa: tutayapunguza miguu. Yaani dawati la darasa la saba likatwe magoti, upana uleule, achukuliwe mtoto wa miaka mitano apandishwe juu yake, daftari liko kule na mkono uko huku. Nilibishana naye mpaka saa saba mchana. Nikashinda, kwa sababu chakula kilifika.

Ijumaa ikaja na kupita zake. Siku fremu zilipokauka na mbao kuwa tayari, lori likaitwa, dereva akazima injini mlangoni na kuanza kutukumbusha bei yake kwa kila saa. Mafundi wakanyoosha mikono wapewe vya kufungia. Bolti zipo, nati zipo. Kila dawati lilikuwa na vipande vyake 52, na 32 vilivyokosekana ndivyo vile vya urembo.

Bosi alipanda bodaboda mwenyewe hadi Gerezani. Alirudi jasho linamtiririka, mfuko mzito begani, akazimwaga washa mezani kwa kishindo cha mshindi. Nikachukua moja, nikaijaribu kwenye bolti. Haikuingia. Bolti zetu ni za milimita 8, na hizo zilikuwa washa za milimita 6. Namba ya washa imeandikwa kwenye karatasi yangu, mstari wa tano kutoka chini. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa bosi, ameiandikia namba ya bodaboda.

Madawati yalifika shuleni, yamechelewa kama unavyodhani. Mwalimu Mkuu aliyahesabu kwa fimbo, akigusa moja moja: 80 makubwa, 20 madogo. Akasaini. Yeye alihesabu mpaka 100 akapewa kiti na soda; mimi nilihesabu mpaka 8,400 nikaambiwa nakawiza kazi.

Sidai nyongeza ya mshahara, ingawa ikitolewa sitakimbia. Ninachodai ni kwamba ahadi ipande kutoka chini. Tuhesabu washa kwanza, halafu bolti, halafu mbao, halafu chuma, halafu mikono tuliyonayo na siku zake. Tukishafika juu, ndipo bosi afungue kinywa amtajie mteja siku. Sisi tunaanza na siku, tunashuka kwa kasi, na tukifika chini tunakuta washa haipo. Halafu tunailaumu washa. Chuma cha dawati tulikinunua bila kuambiwa, maana paipu ya mita 6 mtu huwezi kuisahau. Kinachosimamisha karakana siku zote ni kile ambacho kila mmoja alidhani mwenzake amekinunua kwa sababu ni kidogo.

Hotuba hiyo niliitoa ofisini, bosi akanisikiliza mpaka nusu, simu ikaita. Vitanda vya dabo deka, 60, vya bweni la wasichana. Akawa anaitikia, hakuna shida, hakuna shida. Nikamsogezea kikaratasi: tafadhali uliza ngazi inachomelewa moja kwa moja au inafungwa kwa bolti, na chaga ni za mbao au za chuma. Akakisoma, akaziba simu kwa kiganja.

"Hayo si mambo madogo tu?"

Ndiyo, bosi, ni madogo. Nimeshaanza kuyahesabu, nimefika 140, na sijafika kitanda cha juu.